Hata Mimi Nilitaka Kusema

Kuna kikohozi ambacho hakitibiwi hospitali yoyote, na ukitaka kukisikia panda basi la mkoani. Si cha vumbi wala si cha kiyoyozi. Huanza pale kwenye skrini iliyoning'inizwa juu ya kichwa cha dereva, dada mwenye nguo za kuhesabu nyuzi anapoanza kukatika mbele ya gari la kifahari. Kikishaanza kinasafiri siti kwa siti hadi nyuma kabisa. Baba wa siti ya tatu anakohoa. Mwalimu mwenye tai anakohoa. Mama mwenye watoto wawili anakohoa huku akitafuta kwenye mkoba kitu ambacho hakijawahi kuwemo. Mchungaji hakohoi, amelala, ila ni usingizi wa ajabu, maana video ikiisha tu anaamka na kuuliza tumefika wapi.

Neno hasemi mtu. Na sisi si watu wapole, msidanganyike. Daladala ikizidisha nauli shilingi mia tunashuka wote kwa matusi ya kupokezana. Mchele ukiwa na mawe, Mangi wa dukani anarudishiwa mfuko wake mbele ya wateja. Mtoto akioneshwa kisichomhusu, ghafla tunakuwa wastaarabu wa kutisha, tunatazama dirishani na kusifia mashamba ya mkonge.

Desemba iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu Mwanza, kwa wazazi wake. Tulipanda alfajiri Stendi ya Magufuli, pale Mbezi. Basi letu lilikuwa na adabu ya asubuhi: hadi Kibaha ni kwaya tupu, waimbaji wa sare wakipunga mikono ufukweni, abiria wakifumba macho kwa unyenyekevu. Kwaya huwa inashukia Chalinze. Sijui ina ndugu pale. Ikishashuka, konda anachomeka flashi ya pili, na kutoka hapo kwenda Morogoro ni viuno.

"Babu," mjukuu akaniuliza. Ana miaka minane na sauti yake haina pa kupunguzia. "Yule dada hasikii baridi?"

"Anakwenda kuoga."

"Mbona yule kaka amevaa koti?"

"Yeye ameshaoga."

"Sasa mbona anamsindikiza?"

Kikohozi kikalipuka basi zima.

Nikamwita konda. Kijana mpole, shati la sare, kalamu sikioni. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu badilisha hiyo video, humu mna watoto." Akainua macho kwenye skrini utadhani ndiyo kwanza anaambiwa kuna skrini.

"Mzee wangu, hii mbona ya kawaida? Hata kwenye TV inapigwa."

"TV gani, na saa ngapi?"

"Mimi napiga tu, mzee. Flashi ni ya suka."

Suka, yaani dereva, alipofikishiwa ujumbe akajibu bila kugeuza shingo kwamba flashi ni ya bosi. Bosi yuko Dar, na saa hizo hapokei simu. Kitu chenyewe hakizidi ukucha, lakini kina wenyewe wengi kuliko shamba la urithi.

Hapo ndipo basi lilipoamka. Kutoka siti za nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, nunua gari lako uweke kwaya!" Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mlokole huyo!" Nilikuwa nimevaa kanzu na kofia ya viua. Huo ulokole sijui aliuona wapi.

Kelele za vijana haziniudhi, walau wale walisema walichokuwa nacho. Kilichoniudhi kilikuja kwa kunong'ona. Mama wa mkoba aliinama hadi sikioni kwangu: "Asante sana, baba. Hata mimi nilitaka kusema." Mwalimu wa tai akanyoosha shingo kutoka ng'ambo ya pili: "Umeniwahi tu mzee, hata mimi nilitaka kusema." Mchungaji akafumbua jicho moja, akatikisa kichwa kwa kunibariki, akalifumba.

Mlitaka kusema lini? Chalinze ilikwishapita! Au mlikuwa mnasubiri tufike Shinyanga, mseme kwa Kisukuma?

Walipomaliza kunishukuru wakaanza kujadiliana ni nani hasa aliyepaswa kusema, na mjadala huo ulikuwa na wasomi. Mwalimu akasema hilo ni la TCRA, wana Kamati ya Maudhui kabisa. Mama akamjibu kwamba TCRA inashughulika na redio na televisheni, na basi si kituo cha televisheni. Bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akasema muziki ni wa BASATA, na akatutajia mwaka wa sheria yake, 1984, kama vile tumemuuliza. Jirani yake akapinga: kitu kikiwa na picha inayotembea ni filamu, kiende Bodi ya Filamu, kuna sheria ya 1976. Aliyekaa mlangoni akakata shauri kwamba chochote kinachokwenda kwa magurudumu ni cha LATRA. Na mimi nikaitupia humo Sheria ya Mtoto ya 2009, isije ikaonekana nimebaki nyuma. Mjadala ulipopoa, video ile ilikuwa imekwisha na nyingine mbili zimepita, na rimoti muda wote ilikuwa imelala kwenye dashibodi, hatua mbili kutoka kwenye magoti ya mwalimu.

Yule kijana wa nyuma naye akachangia kwa namna yake. Alitaka upigwe ule wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kwa heshima ya safari. Mtakumbuka BASATA waliufungia Novemba 2018, kwa ajili ya mchezo wake na jina la Nyegezi. Sasa Nyegezi ndiyo stendi tuliyokuwa tunakwenda kushukia, imeandikwa hata kwenye tiketi. Na ninavyokumbuka, mtaani kwangu watoto hawakuwa wakiujua wimbo ule vizuri hadi ulipofungiwa.

Konda, kwa kuchoka nasi, akabadilisha flashi. Safari hii ilikuwa filamu ya mapanga kutoka huko Asia, iliyotafsiriwa na mmoja wa hawa DJ waliofuata nyayo za Lufufu, ambao wakikutafsiria filamu unapata mbili kwa bei ya moja: ile ya kwenye picha na ile ya kichwani mwao. Kabla hatujaiona Morogoro vichwa vitatu vilikuwa vimekwisha kukatwa. Damu iliruka hadi kwenye kioo cha kamera. DJ akawa anacheka na kumpa pole marehemu.

Hakukohoa mtu. Mchungaji aliamka rasmi, akasogeza miwani. Mwalimu akaomba sauti iongezwe. Mama wa mkoba, yule yule aliyenishukuru, akamnyanyua mwanawe mdogo na kumsimamisha mapajani ili aone vizuri.

Nikamwita tena konda. Akaja na uso wa mtu aliyeonewa. "Mzee, si ulisema niondoe mambo ya mapenzi? Nimeyaondoa."

Na wala sikuweza kumlaumu sana, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha. Watu wazima arobaini na kitu walikohoa kiunoni wakanyamaza shingoni, yeye angejuaje? Kwenye vibanda umiza vya mtaani kwetu ni hayo hayo. Mtoto wa darasa la tatu analipa sarafu yake, anakaa kwenye benchi katikati ya wavuta sigara, anatazama watu wakichomwa moto hadi saa mbili usiku, na mama yake akimkuta humo anamchapa kwa sababu hajaosha vyombo. Ingekuwa busu tungeitisha mkutano wa mtaa. Sinema za kichawi kutoka Nigeria ndiyo kabisa, hizo zinatazamwa na familia nzima baada ya chakula cha usiku, halafu watu wanashangaa mtoto anakojoa kitandani.

Nilitazama kulia na kushoto nimpate hata mmoja aliyetaka kusema. Safari hii hakuwepo. Nikamhamishia mjukuu dirishani nikampa kazi ya kuhesabu mibuyu, na kwa bahati nzuri Dodoma haina uchoyo wa mibuyu. Aliendelea kuchungulia skrini kati ya mbuyu na mbuyu. Tulipofika Singida akagoma kwenda chooni peke yake, eti kuna mtu mwenye panga nyuma ya mlango. Nikasimama pale nje, babu mzima na kanzu yangu, nikiimba kwa sauti ili ajue nipo.

Pale pale Singida, penye kuku, yule kijana wa nyuma akanifuata na paja mkononi. "Shikamoo mzee. Samahani bwana, nilikuwa nachangamsha basi tu." Nikamwitikia marahaba, kwa sababu kuku alikuwa mzuri. Akasema, "Ila mzee, sema kweli. Enzi zenu haya mambo hayakuwepo?"

Hili swali nimeulizwa sana, na wanaoliuliza huwa wanadhani wamenikamata. Yalikuwepo, mwanangu, na yalikuwa makali kuliko hayo ya flashi! Mimi ni mtu wa pwani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wakicheza unyago, na kwa tulivyohadithiwa baadaye na wake zetu, nyimbo za mle ndani hakuna msanii wa leo anayezithubutu. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana dunia nzima kwa taarabu, lakini wanawake wa kwao walimjua vilevile kwa unyago, na yale aliyokuwa akiwafunda wari hayakuwa mapishi ya pilau tu. Tofauti yetu na konda ni kwamba sisi tulikuwa na mlango. Ndani kuna kungwi, nje kuna mama mtu mzima mwenye fimbo, na kitoto cha kiume kilichokwenda kuchungulia kilirudi kwao na alama. Jambo lilikuwa na watu wake, na umri wake, na usiku wake.

Na zile za hadharani zilifumbwa. Utotoni nilicheza taarabu moja ya embe kwenye harusi zote za mtaa wetu, nikishangiliwa na shangazi zangu, na nilikuwa nimeshachumbia ndipo nikaelezwa kwamba embe lile halikuwa embe. Mtunzi alimwambia mkubwa alichotaka kumwambia, na mimi mtoto akaniachia tunda langu. Hawa wa leo hawafumbi. Wanataja, wanaonesha, halafu kamera inasogea karibu kwa wale wenye macho mabovu.

Kijana akatafuna akifikiri. Akasema, "Kwa hiyo shida ni mlango?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba wenzetu wa Kenya wameuweka mlango huo hadi kwenye kanuni zao za utangazaji: mambo ya wakubwa yasubiri saa nne za usiku, na saa kumi na moja alfajiri yawe yameondoka. Basi letu, ambalo ni sebule ya watu hamsini wasiojuana, linafungua lango saa mbili asubuhi. Tangu Oktoba 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba viuno vingehamia kwenye mabasi ya usiku, ya mchana yakabaki na mibuyu. Kijana akacheka, akaniongezea ndizi. Tuliporudi ndani akapiga kelele, "Konda, weka mpira!" Tukatazama marudio ya mechi ya zamani hadi Nzega, na huyo hakuwa na haja ya kuniambia alitaka kusema.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Hapa adui yuko kwenye simu ya mke wangu, ambayo mjukuu wangu mdogo anaifungua haraka kuliko mwenyewe. Anaanza na katuni ya nguruwe, unamwacha anacheka, unakwenda kuswali, ukirudi nguruwe yule yule anang'olewa meno kwa koleo na analia damu. Msidhani natunga. Mwaka 2017 ulizuka mtafaruku mkubwa duniani kwa video za namna hiyo kwenye YouTube: sura za Peppa Pig na Elsa wa *Frozen*, ndani yake mambo ya kutisha na ya aibu, zimetengenezwa makusudi zipite mbele ya watoto. Kampuni ilikuja kufuta chaneli na video kwa wingi baada ya wazazi na waandishi kupiga kelele. Walipiga kelele, nawaambia. Hawakukohoa.

Hayo yote naweza kuyavumilia kwa sababu konda ni mgeni na YouTube iko mbali. Mahafali ya chekechea ndiyo yaliyonitoa kwenye mstari.

Mnayajua. Watoto wa miaka mitano na sita wamevalishwa joho na kofia ya pembe nne utadhani wamemaliza Mlimani. Mgeni rasmi ni diwani. Kuna keki, kuna MC, kuna DJ mwenye spika mbili ndefu kuliko darasa. Watoto wanasoma shairi kuhusu UKIMWI ambao hawaujui, wanapigiwa makofi, kisha unaitwa "mchezo wa burudani", na hapo DJ anaachia singeli ambayo mimi mwenye wajukuu sita siwezi kuisikiliza nikiwa na mke wangu. Vile vitoto vinainama! Vinajua kila mshindo. Na wazazi hawakohoi tena, wamekwishavuka hatua hiyo: wanakwenda mbele na noti za elfu kutunza, wengine wanarekodi kwa simu mbili.

Mwaka juzi nilimwendea mwalimu mkuu. Mama mwungwana, akanikaribisha soda. Akasema, "Mzazi, hizi nyimbo hatuwafundishi sisi. Wanakuja nazo kutoka nyumbani." Nikaenda nyumbani. Nyumbani wakasema wanazitoa shuleni. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kwa heshima, nikipendekeza mahafali yajayo tuchague nyimbo mapema. Kimya. Tiki za bluu zikajaa, jibu hakuna. Baada ya saa nzima mtu akaandika "Amina", nikafurahi, kumbe anajibu dua ya asubuhi. Halafu inboksi yangu ikaanza kulia. Mmoja: "Mzee umenena, ila usinitaje." Mwingine: "Nakuunga mkono asilimia mia, hata mimi nilitaka kusema." Wa tatu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi mwenyewe! Nikahesabu walioniunga mkono gizani, nikaona tungepiga kura tungeshinda kwa kishindo, ila kura yenyewe hakuna wa kuiitisha.

Mwaka huu basi wakanipa kazi ya kuchagua nyimbo, nadhani ili ninyamaze. Nikaifanya. Nikaandika orodha safi: nyimbo za Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa hapa hapa Dar na kuanza kuoneshwa mwaka 2014, ambayo ina nyimbo tele za hesabu, za usafi, za kila kitu, na nyimbo chache za michezo ya watoto tulizoimba wenyewe kwenye mbalamwezi. Siku ya mahafali nikamkabidhi DJ karatasi. Akaisoma akikunja uso.

"Mzee, hizi mbona za watoto?"

"Na hao waliovaa joho ni nani?"

"Zitaua mzuka, mzee." Akaikunja karatasi, akaweka chini ya kompyuta kuzuia isitikisike, na akapiga vile vile vyake.

Nilirudi kukaa nikiwa nimefura. Mama kijana aliyekuwa kando yangu, mtoto mgongoni na mwingine jukwaani, akanisogelea. Nikaliona linakuja kabla halijafika.

"Baba, kwa kweli hata mimi nilikuwa nataka..."

"Sema basi, mwanangu. DJ yule pale."

Akanitazama. Akamtazama DJ. Akamtazama bintiye jukwaani, aliyekuwa ameshika magoti. Sikutegemea, lakini alikaza kanga, akasimama, akapita mbele ya diwani bila hata samahani, na akamvua yule kijana vile vya masikioni kwa mkono wake mwenyewe. Alichomwambia sikukisikia kwa ajili ya spika. Nilichoona ni mkono unaoelekea kwa mtoto, halafu unaoelekea kwa DJ, halafu unaoelekea juu kwa Mungu. Mama wa pili akasimama. Baba mmoja akaacha kurekodi, akasimama naye. Wakafika sita, saba, wakamzunguka, wote wanasema kwa pamoja, na miongoni mwao namwona mwenyekiti wa kamati ya wazazi akisema kwa sauti kuliko wote.

DJ akazima. Akahangaika na flashi yake akitafuta kitu, chochote, ambacho hakitamletea kina mama wengine, na kumbe katika mafaili yote yale alikuwa na kimoja tu cha namna hiyo, alichokiweka kwa ajili ya kupokea wageni rasmi. Akakipiga. Ilikuwa wakati wa keki. Keki ya chekechea ikakatwa kwa Wimbo wa Taifa, watu wote tumesimama wima, watoto na joho zao mikono ubavuni, na diwani mdomo wazi mbele ya kipande alichonyooshewa, asithubutu kukitafuna hadi ubeti wa pili uishe.